Dalia za Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya Januari, mwanangu, kule Kuresoi, nikiwa nimeolewa miezi minne tu. Umeniuliza upande maua gani mbele ya nyumba yenu mpya hapa Lanet, nami siwezi kukujibu kabla sijakueleza nilichofanya asubuhi hiyo.

Mama mkwe wangu alikuwa amekwenda Molo kumwuguza dada yake. Nilitaka arudi akute boma linapendeza, aone mwanawe ameoa mtu wa kazi. Kando ya jikoni kulikuwa na kipande cha ardhi chenye mabua makavu, meusi, yaliyovunjika-vunjika. Nikachukua jembe. Chini nikakuta viazi vimeshikana, kama viazi vitamu vilivyokonda. Sikujua ni vya nini, na sikumwuliza mtu. Nikamtupia ng'ombe, akala vyote. Halafu nikapanda mbegu za zinia nilizokuja nazo kutoka kwetu.

Mama alirudi siku ya tatu. Alisimama pale, mkoba bado mkononi.

"Hizo viazi zilikuwa hapa ziko wapi?"

"Nilipea ng'ombe, Mama. Zilikuwa zimekufa."

"Hazikuwa zimekufa. Hizo ni maua, ni dalia. Kiangazi zinalala, mvua ikirudi zinaamka."

Akageuza ndoo, akaketi juu yake. Ndipo akaniambia habari za Chebet, kitinda mimba wake, ambaye mume wangu hakuwa akipenda kumtaja. Mwaka ule alioanza kuugua, msichana huyo alileta kiazi kimoja cha dalia kutoka shuleni, kimefungwa kwa gazeti. Alikipanda mwenyewe. Hakuishi kuona ua la kwanza. Tangu hapo, kila msimu wa mvua, Mama alikuwa akikata maua yale mekundu na kuyaweka kwenye kaburi lake.

"Haukujua," akaniambia. "Lakini si ungeuliza?"

Akainuka, akaingia jikoni. Afadhali angenigombeza.

Zinia zangu zilichanua vizuri, za rangi zote, na kina mama wa kanisa wakazisifu. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akizimwagilia maji. Mvua ilipoanza, nilimwona kila asubuhi ameinama pale, akizitenganisha polepole kwa vidole, akitafuta kama kuna chipukizi lolote lililobaki. Aliendelea hivyo hadi Juni. Sikuthubutu kumwambia aache.

Nilitafuta dalia sokoni Molo, nikapata za njano. Alizipokea, akashukuru, akazitunza. Lakini kaburini hakuzipeleka hata siku moja. Mimi nami, kwa aibu, sikumwomba msamaha. Miaka ikapita tukipika pamoja, tukicheka pamoja, na neno hilo sijalisema. Nilipolitoa hatimaye, alikuwa mgonjwa kitandani na hakunitambua tena. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Tulimzika mwezi huohuo, kando ya Chebet.

Basi sikia, mwanangu. Zinia na petunia zipande mbele, penye jua, ukijua ni za msimu mmoja. Zikishatoa mbegu zimemaliza kazi yake, zing'oe bila wasiwasi. Za kudumu, kama dalia na waridi, zipe mahali pake, uweke na kijiti cha alama ili jembe lisikosee zikiwa zimelala. Ukikuta mmea usioujua katika ardhi iliyolimwa na mwingine, ngoja mvua moja ipite, na uulize aliyeupanda ni nani na kwa nini. Na ukimkosea mtu, usisubiri maneno mazuri yaje. Mwambie siku hiyohiyo, hata kama utalia.

Mungu akubariki na nyumba yako. Akupe udongo mzuri na mvua kwa wakati wake, na awaache wale unaowapenda wakae nawe mpaka wote mmeambiana yaliyo moyoni.