Utepe wa Kisimani

"Mama, subiri mgeni rasmi aje akate utepe," aliniambia kijana wa klabu ya kujitolea. Walikuwa wamekarabati pampu ya kisima chetu hapa Somanda, wakaizungushia utepe, na tangu asubuhi tulisimama na ndoo tupu.

"Mwanangu huyu mgongoni anaharisha, wewe unanionyesha utepe?" Nikaukata kwa meno, nikasukuma pampu.

Maji yalipoanza kugonga ndoo, nikakumbuka mchana ule pampu hiyo ilipozinduliwa, nikiwa mtoto. Palinukia saruji mbichi na michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama yangu na wenzake walikuwa wamebeba mawe ya kisima hicho kichwani, wakiimba Kisukuma. Watu wa klabu hiyo hiyo, wakati ule wakiwa wanunuzi wapya wa pamba, walikuja na kofia nyeupe. Mkubwa wao akakata utepe, mama akasukuma pampu, maji yakaruka. Nikaamini kabisa kwamba utepe ndio uliokuwa umeyafunga.

"Mayu, kwa nini hukuukata mapema?" nilimuuliza mama.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Maji yanatoka tangu juzi, mwanangu. Hilo gauni lako nimelifua kwa hayo hayo."

Sasa nimekua, na ule ujinga wangu wa utotoni wenzetu wameufanya utaratibu.

Kesho yake nilikwenda kwa mtendaji wa kata, nikatoa malalamiko rasmi: pampu ikishatoa maji, isifungwe kumsubiri mgeni yeyote. Saruji ni ya klabu, nashukuru. Mawe aliyabeba mama yangu.