Mfuko wa Nyongo Ukutani

Miaka ile ya tisini upasuaji wa darubini ulikuwa bado mpya. Daktari alinitoa mawe kwenye mfereji wa nyongo kwa vitundu vinne tu, nami nikawatangazia majirani wote wa mtaa wa Jericho kwamba yalitosha kujenga choo. Kilichobaki ni mpira mwembamba uliotoka ubavuni kupeleka nyongo kwenye mfuko wa plastiki. Nesi alimwambia mke wangu mara mia: mfuko ukae chini ya kitanda, nyongo iteremke; ukipandishwa, nyongo itarudi ndani na homa inaweza kuniua.

Jumapili akaja nyumbani kaka yangu mkubwa, seremala wa Gikomba, pamoja na kina mama wa kanisa, nusu ya Nairobi nzima. Akauona mfuko sakafuni.

"Shemeji, dripu unaiweka chini kama kandambili?"

"Nesi alisema..."

"Nesi hakuzaliwa na huyu. Enda ulete chai."

Kwetu mkubwa akishasema, wageni hunyamaza. Aliondoa kalenda kwenye msumari juu ya kitanda, akatundika mfuko, akaufunga kwa waya na koleo, mafundo ya kuzuia fahali.

"Kaka, haiingizi, inatoa!" nikalia.

"Sikieni msomi wa shule ya usiku! Ulisomea gizani, ukaona nini?"

Kina mama wakacheka mpaka vitambaa vikawaanguka. Mmoja akayatazama macho yangu, manjano kama kiini cha yai la kienyeji, akauliza kama suti yangu ingemtosha mwanawe. Kaka akanyoosha futikamba kandokando yangu.

"Napima kitanda tu," akasema, lakini aliishia kwenye kisigino changu.

Wakafumba macho kuomba. Tumbo lilikuwa limekaza kama robota la mitumba, baridi ikinitetemesha. Nikajaribu kuufungua waya, mafundo yakakataa. Basi nikashika ukuta, nikasimama juu ya kitanda, leso ya mke wangu kiunoni, hadi ubavu ukaupita mfuko. Nyongo ikaanza kuteremka, taratibu.

Waliposema "Amina" wakanikuta juu yao kama mwalimu wa kwaya.

"Mnaona?" kaka akawaambia. "Mfuko ulitaka kupanda tu. Ameamka!"

Wakampigia vigelegele, wakamaliza chai. Mke wangu alipogusa waya, kaka akampiga mkono. Nikaendelea kusimama, kila mgeni akiniaga kwa kunishika kidole cha mguu.