Hatumwachi Mtu Ndani

Operesheni ya vijiji ndiyo iliyotukutanisha, wala si mapenzi. Pale Nyakahura walitupimia viwanja kwenye mstari mmoja, watu wanne tusiojuana: Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake na ngoma, mzee wa Kihangaza na nanga yake, kinanda cha nyuzi cha kienyeji, mjane kutoka Burundi mwenye sauti ya ajabu, na mimi, mwalimu wa shule, mwenye gitaa na hasira za karibu.

Jioni tulipiga. Hatukuwa na wimbo hata mmoja. Mmoja alianza popote, wengine wakamfuata au wakambishia. Mjane alisema anayetuongoza ni Roho Mtakatifu. Mzee alisema ni wazee wake waliokufa. Msukuma alicheka, akasema waje wote, ugali upo. Mimi niliwaambia waache porojo, wapige. Lakini ziko jioni nywele zilinisimama, nikajua hatukuwa wanne tu pale.

Sheria yetu ilikuwa moja: huachi kupiga wakati mwenzako bado anapiga. Kama bado ana la kusema unabaki naye, hata vidole vikiwaka moto. "Hatumwachi mtu ndani," mzee alizoea kusema.

Vita ilipokuja, lori lilikuja kuchukua vijana wa mgambo. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Msukuma, wa pekee. Katibu wa kijiji akatuita pale sokoni tuwaage. "Dakika kumi tu," alisema. "Ngoma ikinyamaza, vijana wanapanda."

Loo! Nilimwona Msukuma akiyasikia maneno yale. Alivuta ngoma magotini akaanza polepole, nasi tukaingia.

Dakika kumi zikapita, zikapita nyingine ambazo sikuzihesabu. Kila tulipojaribu kushuka, yeye alianzisha mdundo mwingine. Sauti ya mjane ilianza kukauka. Mzee alifumba macho. Kijana wa Msukuma alisimama kando ya lori na kifurushi chake, anatazama chini. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Watu wote sokoni walishaelewa, hakuna aliyecheza.

Katibu hakuthubutu kumfuata baba mtu. Akanijia mimi, akaniinamia sikioni. "Mwalimu, wewe ni mtumishi wa serikali. Unachelewesha jeshi kwa makusudi?"

Niliogopa. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na siku zile neno moja lilitosha mtu kuitwa msaliti. Nikamtazama Msukuma, naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo: usifanye. Nikaweka kiganja juu ya nyuzi.

Mjane aligeuka kuniangalia, sauti ikamkatikia hapo hapo. Nanga nayo ikafa. Ikabaki ngoma peke yake. Katibu akapaza sauti, "Haya, pandeni!" na vijana wakapanda. Lori liliondoka Msukuma akiwa bado anapiga.

Tangu siku hiyo alimsalimia mke wangu, wanangu, hata mbuzi wangu, mimi hakuniona. Gitaa nikalitundika ukutani. Nilijiambia kwamba lori lingeondoka tu, na ni kweli lingeondoka. Haikunisaidia kitu.

Vita ikaisha, vijana wakarudi mmoja mmoja. Wa Msukuma hakurudi.

Siku ya kuanua tanga lake nikalichukua gitaa. Mke wangu alinishika shati. "Una wazimu wewe? Watakupiga!" Nikaenda hivyo hivyo.

"Pole, ndugu yangu," nilimwambia Msukuma mbele ya watu wote. Alinikazia macho mpaka jasho likanitoka. Kisha akanyoosha mkono akaivuta ngoma.

"Kaa," akasema. "Hatukumaliza."

Tulipiga. Mzee alikuwapo na nanga yake, na mjane akaimba. Safari hii Msukuma alishusha mikono mwenyewe, taratibu, akafuta uso. Nanga ikanyamaza. Mjane akanyamaza.

Mimi nilishindwa. Mkono ulikataa kabisa kushuka. Nililia kwa sauti, mtu mzima mbele ya wanafunzi wangu, huku nakwaruza nyuzi tu, na nilijua wana haki ya kuniacha humo peke yangu. Ndipo nikaisikia ngoma. Alikuwa ameirudisha magotini, akapiga nami mpaka nikamaliza.