Barafu ya Ndani ya Kioo, Siku ya Kumzika Papa Sadiki

Naanza kwa kukubali kwamba hii habari inanionyesha mjinga, tena mjinga aliyevaa suti, na nyinyi mnaokaa huku Garland, Texas, wengi mmeshaisikia kwa namna yenu, hadi kuna mtu alisema nilikuwa nimelewa (mimi, ambaye hata soda ya baridi inanipa kikohozi). Sikulewa. Ningelewa basi angalau ningekuwa na kisingizio.

Papa Sadiki alifariki Jumatatu mchana hospitalini, na mke wake, Mama Sadiki, alikuwa kiwandani kwenye shifti, simu imefungiwa kwenye loka kwa sababu hawaruhusiwi kuingia nayo kazini, akaja kuiwasha saa ya mapumziko akakuta amepigiwa mara kumi na saba. Hakumuona akiondoka. Wiki nzima ya matanga, kila aliyeenda kukaa naye alimsikia akirudia neno moja tu, kwamba kufa hakumuona, basi kushuka kaburini atamuona, na udongo wa kwanza atautupa yeye kwa mkono wake. Na huku kuzika siyo kama kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, kule mnachimba wenyewe na mnateremsha mkimaliza kuimba. Huku mnapewa saa. Sisi tulipewa Jumamosi saa nne asubuhi, saa tano kuna wafiwa wengine, na watu wa makaburini walishatuambia kwamba saa ikifika wao wanateremsha.

Alhamisi wanaume tulikaa kugawana kazi, pasta akauliza nani atambeba mjane kwenye gari la pili, lile linalofuata nyuma ya gari la jeneza, na mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Gari nilikuwa nimelinunua mwezi ule ule, jipya kwangu (watu wawili walishalichosha kabla yangu), na nilitaka watu walione. Hiyo ndiyo kweli. Nilimpenda mzee, lakini nilitaka walione.

Shida ilikuwa harufu. Siku chache nyuma nilienda shambani kwa yule Mmeksiko anayetuuzia mbuzi, nikarudi na nyama kwenye kiti cha nyuma, mfuko ukatoboka, damu ikaingia kwenye kapeti. Sasa utambebaje mjane kwenye gari linalonuka mbuzi? Basi Ijumaa jioni nikaliosha kama tunavyoosha nyumba kwetu: maji ya sabuni ndoo nzima chini, brashi, nikasugua hadi mikono ikauma, ndoo nyingine ya kusuuza, kisha taulo. Juu kapeti lilionekana limekauka. Nikapuliza manukato, nikafunga madirisha yote vizuri ili ile harufu nzuri isitoke, nikaenda kulala najisifu.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Texas inayokuja bila hodi (jana yake mchana nilivaa fulana), na kioo cha mbele kilikuwa cheupe chote. Nikatoa kadi ya benki, nikaanza kukwangua, nakwangua, hakitoki kitu, nikazidisha nguvu, kadi ikakatika vipande viwili. Ndipo nikagusa vizuri nikaona kioo kwa nje ni kikavu. Barafu ilikuwa ndani. Sijawahi kuona kitu cha namna ile, nikafikiri labda gari limepata ugonjwa. Nikaingia, nikakwangua kwa ndani na kile kipande cha kadi, theluji ikanimwagikia kwenye suti, nikapata tundu la ukubwa wa sahani, nikajiambia linatosha, iliyobaki hita itaimaliza. Nikawasha hita mwisho kabisa, na nikabonyeza ile swichi yenye mchoro wa mshale unaozunguka ndani ya gari, kwa akili yangu ya darasa la saba, kwamba joto lisitoke nje.

Mama Sadiki akakaa mbele pembeni yangu. Nyuma wakakaa dada yake anayeitwa Mama Riziki na wamama wawili wa kwaya. Tukatoka, gari la jeneza mbele, mimi nyuma yake, na nyuma yangu magari kumi na matatu, wote tumewasha taa za hazadi. Wamama wakaanza kuimba taratibu, Mama Sadiki akaanza kulia, siyo kwa sauti, kulia kule kwa pumzi. Kabla hatujafika haiwei, ile barabara kuu, barafu ilikuwa imeyeyuka kweli, lakini mahali pake pakaja ukungu, mzito kama maziwa. Nikafuta kwa mkono, ukarudi. Nikafuta kwa tai, ukarudi. Nikaongeza hita, ukaja mwingi zaidi. Nilikuwa na-drive nikifuata taa mbili nyekundu tu, sioni hata gari lenyewe, natoka jasho, na nikaanza kufanya uchunguzi kichwani kama fundi: ukungu ni maji, maji haya yanatoka wapi, nani humu ndani anatoa maji? Nikageuka nikamwangalia Mama Sadiki.

Nilisema hivi, na kila neno nalikumbuka: “Mama, samahani, ungeweza kuacha kulia kidogo? Unaleta mvuke kwenye kioo.”

Wimbo ukakatika. Mama Sadiki akajifunika mdomo na kitenge, akazuia pumzi kama mtoto anayejificha, na hivyo tukaenda, wanawake wanne kimya kabisa, na mimi nafuta kioo. Na ukungu haukupungua hata kidogo. Hapo ningepaswa kuelewa.

Zile taa mbili nyekundu zikatoka haiwei, nikatoka nazo. Zikapinda kulia, nikapinda. Ziliposimama nikasimama, nikafuta kioo kwa kiwiko, nikaona tumesimama nyuma ya lori la kupeleka makochi, kwenye uwanja wa duka la fanicha. Magari yote kumi na matatu yalikuwa yamenifuata. Watu wakaanza kushuka, wamevaa nyeusi, maua mkononi, na mfanyakazi wa duka amesimama mlangoni anatuangalia, hajui kama atukaribishe. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Nilitamani lile lori linirudie nyuma linipite juu.

Pasta akapiga simu kwa dereva wa jeneza, akaambiwa wao wameshafika. Wanaume wakaanza kuniuliza wote kwa pamoja, mmoja akasema hita imekufa, mwingine akasema kioo kimepasuka mahali. Mama Riziki hakuuliza kitu. Yeye anafanya kazi kwenye friza la ghala la vyakula, mwaka wa sita sasa, barafu anaijua kuliko sisi wote. Aliinama, akakandamiza kapeti kwa kiatu, na maji yakapanda yakafunika ncha ya kiatu.

“Barafu ikiwa ndani, maji iko ndani,” akasema. “Kule kwetu kwenye friza mtu akiingia na buti lenye maji, asubuhi ukuta wote ni mweupe. Wewe umemwaga maji humu?”

Nikasema ndoo mbili.

Hakunitukana. Alizima ile swichi ya mshale, akawasha AC pamoja na hita, akashusha madirisha yote manne, akasema hewa ya mule ndani imejaa maji na mimi ndiye niliyeifungia. Pasta alitaka Mama Sadiki ahamie kwenye gari lake, waanze kubadilishana viti, nani ashuke, nani apande. Mama Sadiki alikuwa ameshafunga mkanda.

“Endesha,” akaniambia.

Pasta akatangulia, nikafuata, madirisha wazi, upepo wa haiwei unatukata masikio, vitenge vinapepea hadi nje, na kioo kikawa cheupe nusu, kisha robo, kisha nikaona barabara yote. Tulifika saa nne na dakika saba. Wale wafanyakazi wa makaburini walikuwa wametuvumilia zile dakika saba, wamesimama, mmoja mkono uko kwenye mtambo wa kuteremshia. Mama Sadiki alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumuona akitembea. Akaona jeneza likishuka, mwanzo hadi mwisho. Akachukua udongo, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa ile baridi ya madirisha yangu, ngumi ikakataa kufunguka, Mama Riziki akaipuliza kwa pumzi hadi ikafunguka, udongo ukaanguka.

Tuliporudi nyumbani kwa mfiwa kula nilijificha jikoni, nikaosha sahani ambazo hazijachafuka. Tangu siku ile simwagi maji ndani ya gari, hata chupa ya kunywa nafunga mara mbili, lakini hiyo siyo toba, hiyo ni woga. Mwishowe nikaenda alipokaa Mama Sadiki, kwenye mkeka na wenzake, nikapiga goti, nikamwambia Mama, nisamehe kwa lile neno nililosema kwenye gari.

Alifuta uso kwa kitenge.

“Tangu Jumatatu watu wote wananikataza kulia,” akasema. “Pasta anasema nijikaze, watoto wanasema nisilie mbele yao, kazini wanasema nirudi haraka nitasahau. Wewe peke yako ulinikataza kwa sababu ya kioo.” Akasogea kidogo kwenye mkeka. “Sasa hapa hakuna kioo. Kaa, mwanangu, niache nilie.”