Stroberi Zilizokataliwa na Kompyuta

Jumanne, saa nne asubuhi, kampuni moja ya kununua matunda hapa Morogoro mjini ilikataa kupokea stroberi za mama mmoja kutoka Mgeta. Nilikuwa pale kaunta.

"Shikamoo, mama," karani alisema. "Mzigo nauona. Lakini hati aliyotuma katibu wa kikundi chenu cha wakulima kwa mtandao imeandikwa ndoo. Kompyuta yetu inajua kilo tu."

"Marahaba. Si uzipime, mwanangu? Mzani huo hapo."

"Nikipima, hesabu haitalingana na hati. Mpaka atume nyingine."

Mama alipiga simu. Katibu hakupatikana; huko Mgeta mlimani mtandao ni wa kubahatisha.

"Na gari la kupeleka matunda Dar?" aliuliza.

"Saa sita linaondoka."

Alifunua jani la mgomba juu ya ndoo, akabonyeza tunda moja kwa kidole, akalifunika tena taratibu.

"Iambieni hiyo kompyuta ije ionje," alidakia dereva wa gari hilo. Mama hakucheka.

Sokoni, kabla ya bei, hata watu wasiojuana hupatana kipimo: ndoo ipi, ya kilemba iliyojazwa kupita mdomo, au ya kusawazisha. Kampuni na kikundi waliunganisha kompyuta zao bila kuulizana hilo, kisha wakamwachia mama agundue tofauti hiyo akiwa kaunta.

Hati mpya, yenye kilo, ilifika saa tisa alasiri. Kompyuta iliipokea mara moja. Gari lilikuwa limeshaondoka, na stroberi zilikuwa zimeanza kutoa maji.