Tulivyokunywa Kombe

Mimi ni mtu wa kinyaa na sioni haya kusema. Nikikuta unywele kwenye mchuzi, chakula changu kimekwisha siku hiyo, hata kiwe cha harusi. Samaki simpari mwenyewe. Hapa Arua nauza vitambaa, na sababu moja ya kuchagua vitambaa ni kwamba havinuki. Kwa hiyo nikisimulia habari ya ile ndoo iliyoletwa nyumbani kwa mama, kule kijijini Lobule, msitegemee nitaipamba. Kitu kile kilikuwa kibaya kwa pua na kibaya kwa macho, na mimi nilikinywa.

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa lori. Hupakia Mombasa na kupita huku kwetu akielekea Sudan Kusini, na katika kwenda na kurudi akapata mke huko, binti wa kijiji kimoja kusini ya Mombasa. Alipopata mimba, mdogo wangu akamleta Lobule na kumwacha kwa mama, maana yeye mwenyewe hakai. Mama alifurahi kama mtu aliyeletewa mvua. Furaha hiyo haikuvuka asubuhi ya kwanza.

Asubuhi hiyo binti wa watu alipiga magoti mlangoni akasema, "Shikamoo, mavyaa." Sasa mama ni mtoto wa askari. Kiswahili chake ni cha kambini na cha sokoni Koboko, na katika Kiswahili hicho neno lililo karibu kabisa na mavyaa ni mavi. Alinipigia simu papo hapo. "Ananiita mavi," alisema. "Ndani ya nyumba yangu, na magoti amepiga." Nikamuuliza mdogo wangu, naye akacheka mpaka akakohoa, akasema kwa watu wa pwani mavyaa ni mama wa mume. Nilimweleza mama. Akanijibu, "Kama iko mama, aseme mama." Yule binti akaanza kusema mama, lakini uchungu ulikuwa umeshaingia.

Halafu akaacha kula. Ugali wa muhogo alisema unamkwama kooni. Mboga ya kunde iliyotiwa magadi ilimtapisha. Msimu wa kumbikumbi ulipofika, mama akakaanga sahani nzima, akanyunyiza chumvi, akamwekea mkwe wake kabla ya mtu mwingine yeyote, jambo ambalo hata mimi niliyetoka tumboni mwake sijawahi kutendewa. Yule binti alitazama sahani, akaona mabawa machache yaliyosalia, akakimbilia nje. Mama akaivuta sahani. Alikula wote peke yake, kwa hasira, akitazama mlango.

Wiki zikapita na binti akazidi kukonda. Mashavu yaliingia ndani, na wauguzi wa zahanati wakasema mtoto hakui vizuri. Mdogo wangu akapiga simu kutoka njiani akasema hali ikiendelea hivyo atamrudisha kwa mama yake akazalie huko. Hapo ndipo mama alipoogopa hasa. Mke akiondoka na mimba kwenda mwisho wa nchi ya watu, na ameondoka na njaa, nani atamrudisha? Mjukuu wake wa kwanza angeongea Kiswahili cha kupiga magoti na asingejua hata njia ya kisimani Lobule. Mama akanipigia niende upesi. Nikafunga duka.

Nilipofika, mkwe hakuwepo. Alikuwa ameenda zahanati na mke wa jirani. Ndoo ndiyo iliyokuwepo. Ilikuwa imekaa katikati ya ua, ndoo kuukuu iliyowahi kuuziwa rangi ya kupaka nyumba, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mama ameisimamia pamoja na mjomba. Dereva mwenza wa mdogo wangu alikuwa ameishusha, akasema mama wa binti ametuma kombe, ikiingia tumboni atapona, akaondoka kuwahi mpakani kabla haujafungwa. Hakuna aliyemuuliza zaidi, kwa sababu mjomba alikuwepo.

Lazima niseme kuhusu mjomba. Huyu ni kaka yake mama, na ujana wake aliumalizia Mombasa akilinda ghala. Tangu arudi, hakuna kitu cha bahari ambacho hakijui. Ukitaja chumvi, atakueleza inavyochotwa. Ukitaja meli, alishaipanda. Nyumbani tumezoea kumwachia aongee, maana kumkatiza ni kumwongezea.

Alifungua ule mpira. Mungu wangu! Nimepita sokoni Arua penye samaki wa kukaushwa wakati wa mvua, nimepita nyuma ya machinjio, lakini shombo ile ilikuwa ya namna nyingine. Haikuja puani tu, ilikaa mdomoni. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta wa jiko. Juu kulikuwa na maganda mawili matatu yamefungwa kwenye kipande cha leso, meupe, yamepinda kama kiganja, na migongo yake ina mistari. Hayo hayakuwa mabaya. Chini yake ndoo ilijaa vipande vidogo vilivyokunjamana, vya manjano iliyoungua, kingo nyeusi, na chumvi imeganda juu yake. Vilifanana na kucha za miguu za mzee. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti.

"Wewe nyamaza," mjomba alisema. "Hii iko kombe. Mimi nilikaa Mombasa, mimi najua. Malimu anaandika aya na zafarani, anaosha na maji, mugonjwa anakunywa. Sisi hapa tunasema mahaya. Kule wanasema kombe."

Na hapo, ili nisimwonee, alisema kweli. Watu wa pwani huiita hivyo dawa hiyo ya maandishi yaliyooshwa, na yeye aliwahi kuinywa huko alipougua homa. Mimi kombe nililolijua ni lile wanalonyanyua wacheza mpira.

"Na hii vipande?" mama aliuliza.

"Maganda ya muti. Malimu ameandika juu yake, halafu amekausha. Ona zafarani hii." Alichukua kipande akakiinua juani. "Unaona alama? Hii nyeusi iko wino."

"Na chumvi?"

"Chumvi inafukuza shetani."

"Na hii shombo, mjomba?" niliuliza.

"Dawa gani hainuki?" Akachukua ganda moja, akalipangusa kwa shati lake. "Na kikombe ametuma. Kila mutu anakunywa na hii. Si mugonjwa peke yake. Nyumba yote, ama ugonjwa unatoka kwa huyu unaingia kwa mwingine."

Mama alichemsha maji. Alitia udhu kwanza, mama yangu, akajifunga kitambaa cha kichwa upya, akamwaga yale maji ndani ya sufuria yenye vile vipande na kuvikoroga polepole huku anaomba. Maji yakageuka manjano. Povu likapanda juu, povu zito la kijivu lisilopasuka. Nilitaka kuondoka, lakini nilimwona mama uso wake, jinsi alivyokuwa anaitazama ile sufuria kwa tamaa ya kumponya yule mtoto wa watu, nikabaki.

Mjomba alitangulia. Bismillahi, ganda moja, akameza, akafumba macho, akasema, "Ndiyo yenyewe." Mama akafuata, akanywa taratibu bila kukunja uso. Ilipofika zamu yangu nilibana pumzi, lakini pumzi ina mwisho. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ya chumvi, mazito, na katikati ya mkupuo kitu kidogo chenye utelezi kilinipita kwenye ulimi na kushuka. Nilikisikia kinavyoshuka. Nilishika mdomo kwa mikono miwili nisije nikamtapikia Mungu maneno yake.

Mama alitenga kikombe kizima kwa ajili ya mkwe wake, akakifunika kwa sahani. Vile vipande vilivyobaki havikuweza kutupwa jalalani wala chooni, maana kitu kilichoguswa na aya hakitupwi ovyo. Huzikwa mahali pasipopitwa na miguu. Mjomba akachimba shimo nyuma ya ghala, chini ya mndimu, akavimimina vyote, akafukia, akasawazisha udongo kwa mkono. Kazi ikaisha. Tukakaa kivulini, mimi natema mate.

Mkwe alirudi mchana. Alikuwa bado nje ya uzio aliposimama ghafla na kuinua pua. Halafu nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tangu aje kwetu. Alikimbia. Na tumbo lake lile, alikimbia mpaka katikati ya ua, akashika ndoo kwa mikono yote miwili.

"Kombe!" alisema. "Wifi, mama kaniletea kombe!" Akachungulia ndani ya ndoo. "Zi wapi?"

Mama alimletea kikombe kwa mikono miwili. Yule binti alifunua, akatazama, akacheka kidogo kwa adabu. "Haya ni maji ya kuoshea," alisema. "Haya humwagwa. Kombe zenyewe zi wapi?"

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kombe ni kitu gani.

Akatueleza, huku macho yake yanazunguka ua mzima yakitafuta. Maji ya bahari yakipwa, mama yake na wanawake wenzake huingia kwenye matope ya mikoko na kupapasa kwa nyayo mpaka waguse mgongo wa kombe. Huzijaza kapuni, huzichemsha mpaka zifunue midomo, huchokoa nyama kwa mwiba, huipaka chumvi na manjano na kuianika. Ganda hulitunza kumnyweshea mtoto mchanga.

"Kwa hiyo ni mnyama," nilisema.

"Ni chakula, wifi."

"Ana macho?"

"Hana."

"Matumbo?"

"Huliwa nayo hayo hayo."

Nilikwenda nyuma ya jiko. Sitaeleza zaidi. Niliporudi, mjomba alikuwa amekumbuka mbuzi wake, na mgongo wake ulikuwa unaishilia njiani kwa mwendo ambao kwa umri wake si wa kawaida. Nilimchukia mtu yule siku hiyo, na bado kidogo namchukia. Ilibidi mimi nimwambie yule binti chakula cha mama yake kiko wapi.

Hakupiga kelele. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi, ndoo tupu mapajani, akatazama mbele. Nilidhani hajanielewa. Kisha akasema, polepole, kila neno peke yake ili mama aelewe:

"Naomba mnirudishe kwetu."

Mama alielewa. Alisimama kidogo kama mtu aliyeitwa na hajui na nani. Akaingia ndani akatoka na jembe. Alizunguka ghala, nami nikamfuata nikimwambia aache, ni uchafu, imeshakaa ardhini, mchwa wameingia. Alichimba kwa jembe, kisha akapiga magoti na kuchimba kwa vidole, akitoa kipande kimoja kimoja, akikipuliza, akikitia kwenye ungo. Mikono iliyotia udhu asubuhi ilikuwa imejaa tope la shombo mpaka viwikoni.

Akaviosha. Akamwaga maji, akaosha tena, na tena, mpaka pipa la maji likakaribia kwisha. Nazi hatuna, kwa hiyo akasaga simsim, yaani ufuta, akaunga. Moshi ulipopanda, kitambaa chake cha kichwa alikishusha akafunga pua na mdomo, macho tu yakabaki, nayo yanatoa machozi. Mimi nilikaa mbali upande wa upepo. Sikusaidia na siombi radhi; kuna mambo mwili unakataa.

Alimwekea yule binti bakuli. Kwetu mwenye mimba hali peke yake, lazima mtu amtangulie, na siku zote mama alikuwa anamtuma mtoto wa jirani afanye hivyo. Safari hii alivuta kigoda akaketi mwenyewe. Aliifungua pua yake. Akachukua kipande, na nikamwona mkono unasita hewani, mama yangu ambaye hata samaki wa mtoni huomba akatwe kichwa ndipo amtazame. Akakitia mdomoni. Akatafuna. Kilitoa sauti, kru, kru, mpaka mimi nilipokaa nilisikia, na meno yangu yakauma. Aliendelea kutafuna muda mrefu sana. Mwishowe akameza, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Yule binti akala. Kipande kimoja, kisha vitatu pamoja, kisha kwa kiganja kizima, mafuta yakimtiririka kidevuni. Alikuwa analia na kula kwa wakati mmoja, kamasi na mchuzi pamoja. Sijaona kitu kichafu kama hicho, na sikuweza kuondoa macho.

"Iko mchanga," mama alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nimeosha, nimeosha sana. Lakini mchanga bado iko."

Binti alitafuna, akameza, akalamba kidole.

"Kombe huwa na mchanga," alisema. "Hata za mama."

Akanyoosha bakuli. Mama akageuza uso pembeni ili asiinuse, akamjazia tena.