Nilivyompimia Shamba Mama Aliyenipokea

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipokwenda fildi kwenye mradi wa kuhifadhi Ziwa Tanganyika. Ziwa lenyewe sikuliona. Nilipangiwa kijiji kimoja cha upande wa Puge, mbali kabisa na ziwa, kwa sababu mto mdogo wa pale hupeleka maji yake kwenye mto mwingine, na huo kwenye mwingine, mpaka ziwani. Tuliambiwa kwamba tope linaloharibu mazalia ya samaki linaanzia huku, kwenye mashamba yanayolimwa hadi ukingoni.

Kwetu ni mtaa wa Ng'ambo, mjini, na baba ni fundi cherehani. Aliponisindikiza stendi aliniuliza jambo moja tu: "Huko utakula kwa nani?"

Nilikula kwa mjane mmoja Mkatoliki, aliyeombwa na mwenyekiti wa kijiji anipe chumba. Siku ya kwanza alinionyesha sufuria mpya aliyoitenga. "Hii haijapikiwa nguruwe," alisema. "Ni yako, mwanangu." Asubuhi alinipa michembe ya kuchemsha, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nami nikajifunza kumjibu kwa Kinyamwezi kibovu kilichomchekesha sana.

Kazi yangu ilikuwa kupima mita sitini kutoka ukingo wa mto na kupigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Ndani ya vigingi hakuna kulima. Msimamizi wangu alikaa Nzega mjini, akija Ijumaa kwa pikipiki. Aliniachia utepe wa kupimia na maelekezo mafupi: "Anzia pale maji yanapofika mto ukijaa."

Ilikuwa kiangazi, mto umebaki vidimbwi. Nilitafuta dalili, nikaona nyasi na takataka zimenasa vichakani, juu kidogo ya ukingo. Nikaanzia hapo.

Tulipofika upande wa yule mama, mwenzangu wa kushika utepe alikuwa anaumwa. Mama akasema, "Lete, nitakushikia." Akashika ncha pale kwenye takataka, khanga ameifunga kiunoni, nami nikatembea na utepe kupita bustani yake ya nyanya, nikapita jaruba la kwanza la mpunga, la pili, la tatu. Sitini iliishia nje ya yote. Nikapigilia kigingi.

"Kwa hiyo mwisho ni hapo?" aliuliza kwa sauti kutoka kule chini.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilime wapi?"

Nilimwambia serikali ya kijiji itaangalia. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Siku tatu baadaye tulikuwa tunakula. Alikuwa hanilaumu, anazungumza tu. "Mwaka huu tulikoma," alisema. "Lambo la kunyweshea ng'ombe huko juu lilipasuka, maji yakaja mpaka pale kwenye vichaka. Tangu niolewe sijayaona yakifika pale."

Nilikuwa nimepima kuanzia mafuriko ya siku moja. Kesho yake nikaenda peke yangu, nikatafuta ukingo wa kweli, nikapima upya. Bustani ilikuwa ndani ya mita sitini, na jaruba la kwanza pia. Mawili yaliyobaki yalikuwa yake kwa haki.

Ijumaa nikamweleza msimamizi. Alinisikiliza huku akifuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki.

"Ripoti nimeshaituma," alisema. "Unataka nikaseme mwanafunzi wangu hajui kupima? Alama zako za fildi nazijaza mimi, kumbuka."

Nilikumbuka. Suala hilo sikulitaja tena kwa yeyote. Wiki mbili zilizobaki nilikuwa namwamkia yule mama nikitazama chini. Siku ya kuondoka alinitengea kuku, na ili niweze kumla alimwita jirani Mwislamu aje amchinje. Nilikula.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani bila kazi, nikasikia kwamba yule mama amehamia kwa binti yake anayeishi Itetemia. Ilinichukua muda kupata moyo wa kwenda. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Aliniinukia kwa furaha, akamwita binti yake aje amwone "yule mtoto wangu wa mto".

Alisema pale kando ya mto watu wa mradi walipanda miche ya miti, mingi ikafa kwa kukosa mvua. Yeye alipewa kipande mlimani, mawe matupu. Akaona bora aje kwa binti.

Nilimwambia yote, kuhusu takataka, majaruba mawili, na Ijumaa ile. Mikono yake haikuacha kupukuchua.

"Ulijua lini?"

"Kabla sijaondoka."

"Kabla ya kuku?"

"Kabla, mama."

Alimaliza hindi alilolishika, akalitupa gunzi kando. Kisha akasema, "Kukosea kupima si kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika utepe. Lakini ungeniambia, ningekwenda kwa mwenyekiti kwa miguu yangu mwenyewe."

Kesho yake niliandika barua kwa mwenyekiti na kwa ofisi ya mradi, nikaeleza kosa langu na vipimo vyangu vya pili, nikatia sahihi. Mwenyekiti alinipigia kusema ameipata, na watapima tena watakapopata mtaalamu. Mradi haujajibu. Mvua za kwanza zimeshanyesha, na kwenye yale majaruba mawili hakuna aliyepanda kitu.